Mashine ya Mayatima

Ndugu msomaji, huenda na wewe unayo nyumbani amana ya mtu: sanduku, hati ya nyumba, au fedha ulizopewa uziweke. Mimi nilikuwa na mashine ya mashua ya nguvu za farasi 15. Marehemu ndugu yangu aliinunua ikiwa imekwisha tumika, na alipofariki ilibaki mikononi mwangu kwa ajili ya wanawe. Niliiweka uani chini ya makuti, nikasema nitaitazama kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka minne.

Siku niliyoifunua niliona haya. Mashine ikitoka baharini hutakiwa kuendeshwa kwa maji matamu, ili chumvi itoke katika njia za maji yanayoipoza. Mimi sikufanya hivyo hata mara moja. Bolti zililiwa na chumvi, pistoni ziliganda, na oili ya gia iligeuka nyeupe kama tui kwa maji yaliyoingia.

Nikawa naishughulikia kila baada ya Alasiri. Nilitoa plagi, nikamimina oili ndani ya silinda, nikasubiri siku tatu. Kisha nikalizungusha gurudumu la juu kwa mkono, pole pole, mpaka likalegea. Kabureta ilizibwa na petroli iliyokauka kama gundi. Nikaiosha, na vitundu vyake nikavizibua kwa kupuliza, wala si kwa sindano, kwani sindano huvipanua. Mpira wa pampu ya maji ulikuwa umekauka na kukatika. Nikanunua mwingine, pamoja na ringi, gasketi na sili za gia.

Mke wangu akaniambia, "Bwana, umeipa miezi miwili. Ungaliipa dakika kumi za maji siku ile ulipoipokea, usingalitaabika." Nikanyamaza, maana alisema kweli.

Nilipoitia katika pipa la maji iliwaka kwa mvuto wa nne, na watoto wa marehemu wakashangilia. Lakini silinda ya chini ilikuwa na alama iliyochimbwa na kutu, ambayo ringi mpya haziwezi kuiondoa.

Wiki ile ile alikuja nahodha mmoja wa Kizingitini, avuaye nje ya mwamba. Akaisikiliza, akaipenda, akataja bei nzuri. Hapo, ndugu msomaji, Shetani alinijia kwa mlango wa dini. Akaninong'oneza: "Hii ni mali ya mayatima. Ukiitaja kasoro utawapunguzia haki yao." Neno hilo lilinipendeza, kwa kuwa lilifanana na uchaji Mungu.

Nikakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini ni majimaji, akamlaumu mwenye nacho kwa kutoyaweka yaliyorowa juu watu wakayaona. Nikamfikiri nahodha yule wakati wa kusi, mashine imemzimikia, na mawimbi yanamsukuma mwambani. Yeye naye ana watoto. Je, niwatunze mayatima hawa kwa kuwafanya wengine mayatima?

Nikamweleza yote. Akasema ataipeleka ikachongwe silinda kabla ya kuitia baharini, na gharama yake ikatwe katika bei. Tukakubaliana robo.

Robo ile niliilipa mimi kwa mama wa watoto, kwa mafungu, mpaka ikaisha. Kutu ile ilitokana na uvivu wangu, na mwenye kuipuuza amana mpaka ikaharibika yampasa kuilipa.

Tunaisoma aya ya 10 ya Sura An-Nisaa, inayowaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Tunaisoma kwa utulivu, tukidhani kula ni kwa mkono na kinywa tu. Kutu nayo hula, na aliyeiachia ile nafasi ya kula ni mimi.

Basi ile amana uliyonayo, ndugu yangu, ifunue leo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama. Amin.