Mjomba, madeki na laptopu

Najua kijiwe hiki kimelala wiki tatu, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Ila nilikuwa kwenye disko, ile ya muziki. Nilikwenda Biharamulo kwa mjomba, kisha tukapanda wote mpaka Ngara kwenye harusi, na nimerudi na mambo kichwani ambayo nikiyaacha mpaka test ziishe nitakuwa nimeyasahau.

Mnaonijua mnajua kwamba mjomba ni DJ. Si DJ wa kofia na miwani usiku. Ni mtu mzima, kapita hamsini, ana shamba la mihogo na ndizi, ana mke na watoto, na Jumamosi anapakia spika kwenye Noah ya kukodi anakwenda kupiga muziki kwenye send-off na harusi kuanzia Nyakanazi mpaka Nyakahura, na mara nyingine Ngara mjini na Kabanga mpakani. Sare zangu za sekondari, godoro la bweni na nauli za kila muhula zilitoka kwenye hizo Jumamosi. Kwa hiyo mtu akisema "vifaa vya zamani vitupwe", mimi siyo mtu wa kupiga makofi haraka.

Sasa nieleze "madeki" kwa kwetu ni nini, maana hapa chuoni nikitaja madeki watu wanafikiria santuri zinazunguka na mkono unakwaruza. Huko kwetu santuri hatukuziona kwenye disko. Zile mashine za Technics SL-1200 zilizotoka mwaka 1972, kiwanda kikaacha kuzitengeneza 2010 kisha kikazirudisha 2016, mjomba amezijua kwenye picha. Santuri zilikuwa mambo ya Dar na Arusha, kwenye madisko makubwa, enzi ambazo Joseph Kusaga alikuwa na Clouds Disco kabla haijazaa redio. Sisi historia yetu ilianza na kanda.

Mjomba anasimulia kwamba alianza mwaka 1994, pale Benaco. Kama hujui habari za Benaco, muulize mtu wa Ngara yeyote mwenye umri. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, na mahali palipokuwa na mbuga na vichaka pakawa na mji wa maturubai. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Mjomba alikuwa kijana, ana radio kaseti ya milango miwili, na kazi yake ilikuwa kukaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi akisubiri redio ipige wimbo mzuri. Akishapata anapiga kwenye kibanda cha soda. Kuunganisha nyimbo? Mlango wa kwanza ukielekea mwisho anabonyeza wa pili. Ukitaka wimbo uanzie pale unapotaka, unatoa kanda unaizungusha kwa kalamu ya biki, unahesabu mizunguko. Anasema alijua kwa kichwa, wimbo fulani ni mizunguko 14 kurudi nyuma. Mimi hilo silibishi kwa sababu nimemwona akifanya hesabu za ajabu zaidi ya hizo.

Baadaye ndiyo ikaja deki ya CD, ile ya pacha, sahani mbili kwenye kisanduku kimoja na miksa katikati. Hiyo ndiyo tuliyokulia nayo. Ndiyo iliyonifundisha kusikiliza sikio moja kwenye hedifoni na jingine nje, kusogeza kile kitelezi cha kasi kidogo kidogo mpaka midundo ikae. Mjomba hakunifundisha kwa maneno ya kitaalamu. Aliniambia hivi: "Mjomba, umewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja? Mmoja akipandisha mchi mwingine anashusha. Ukisikia michi inagongana, mmoja amechelewa. Tafuta nani." Basi. Nilikuwa na miaka 13, na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Tatizo ni kwamba vumbi la kwetu mnalijua, lile jekundu. Linaingia kila mahali. Lensi ya CD ikishashika vumbi wimbo unarukaruka katikati ya bibi harusi anaingia, na wewe unatazamwa na ukoo mzima. CD moja ni dakika 80, nyimbo kama 18 hivi, na mjomba ana mabegi mawili ya CD zilizoandikwa kwa maka peni ambazo nusu maandishi yamefutika. MC akiomba wimbo ghafla unapekua begi kwa tochi mdomoni. Na CD tupu zenyewe siku hizi kuzipata ni mpaka uagize, wakati wateja wanakuja na simu: "DJ, unganisha bluetooth hapa." Halafu kuna vijana wa Nyakanazi, wana laptopu na spika mbili, wanachukua kazi kwa nusu ya bei. Mwaka jana mjomba alikuwa na Jumamosi nne mfululizo hana kazi. Nne! Mke wake ndiye aliyeniambia, yeye mwenyewe asingesema.

Kwa hiyo nilichofanya, nilijibana. Boom ni 10,000 kwa siku, kwa siku 60 ni laki 6, na mnajua hapo kuna kula, kulala na fotokopi. Nilikula wali maharage miezi mingi, nikaongeza hela ya kufunga nyaya kwenye sherehe za hapa chuo, nikanunua kontrola ya mtumba kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama Mwanza. Laptopu ninayo hii hii ninayoandikia. Nikapanda basi nimeipakata kontrola kama mtoto mchanga. (Aisee, daraja la Kigongo–Busisi! Tangu lifunguliwe Juni 2025 mtu unavuka kwa dakika chache. Mimi ni wa kizazi cha kusubiri kivuko, bado huwa natafuta muuza samaki dirishani.)

Nikafika, shikamoo, marahaba, chai, kisha nikaifungua mezani. Mjomba akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akabonyeza vitufe, akazungusha zile sahani za plastiki. Akauliza, "CD inaingia wapi?" Nikamwambia haiingii, nyimbo ziko kwenye laptopu. Akauliza sasa hizi sahani zinazunguka nini. Swali zuri sana hilo ukilifikiria. Hazizungushi kitu. Kontrola haina muziki ndani, inapeleka habari tu kwenye laptopu kwamba mkono umesogea kiasi hiki, na programu ndiyo inayosogeza wimbo, kisha sauti inarudi kupitia kontrola kwenda kwenye ampu. Mjomba akasema, "Kwa hiyo ni rimoti." Ndiyo mjomba, ni rimoti yenye heshima.

Tukaijaribu siku tatu uani. Niseme ukweli, yapo mambo ambayo deki ya CD haiwezi hata kuota. La kwanza ni umeme. Ukikatika, deki inazima na inaposhtuliwa na jenereta inaanza upya, inasoma CD, unasubiri. Laptopu ina betri na kontrola inakula umeme kwenye waya wa USB, kwa hiyo spika zinanyamaza lakini wimbo unaendelea kutembea ndani. Jenereta ikiwaka, unakuta watu wameendelea kuimba gizani na wimbo uko pale pale walipofika. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. (Msiniulize kwa nini tunazungumzia kukatika kwa umeme wakati maporomoko ya Rusumo, pale pale Ngara, yana mtambo wa megawati 80. Ni wa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, ila mimi ni mwanafunzi tu.)

La pili ni kasi bila kuharibu sauti. Mnaujua wimbo wa Saida Karoli wa Maria Salome, wa 2001, ambao wengi wanauita Chambua Kama Karanga. Kagera usipoupiga harusini hujapiga kitu. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakatoa Salome wakiwa wamejenga juu yake, na mjomba amekuwa akiziunganisha hizo mbili tangu hapo, ndiyo sahihi yake. Kwa deki yetu ukiongeza kasi kwa 6% sauti nayo inapanda karibu nusu toni, Saida anaanza kusikika kama binti wa darasa la nne. Kwenye laptopu unabonyeza kitufe kimoja, kasi inabadilika na sauti inabaki ya mama mtu mzima. Hapo mjomba hakucheka. Alinyamaza, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena.

Lakini sasa tukafika kwenye kitufe cha Sync. Hiki ndicho wanachogombania maDJ dunia nzima, unabonyeza na programu inalinganisha midundo yenyewe. Amapiano na bongo fleva za sasa hakina shida, kwa sababu zimetengenezwa kwenye kompyuta, kama ni midundo 112 kwa dakika basi ni 112 tangu mwanzo hadi mwisho. Mjomba akasema, "Weka Franco." Nikaweka rumba mbili za zamani, nikabonyeza. Zikaanza vizuri, na baada ya muda mfupi michi ikaanza kugongana. Kwenye sebene ikawa fujo kabisa.

Sababu yake nimeifikiria sana nikiwa kwenye basi. Programu inapima wimbo na kuchora mistari iliyolingana kutoka mwanzo hadi mwisho, kama daftari. Lakini zile nyimbo zilirekodiwa na watu wamekaa pamoja wanapiga, hakuna mashine ya kuwahesabia. Magitaa yakichangamka mpiga ngoma naye anachangamka, wimbo ulioanza na 118 unaweza kufika sebene uko 122. Na tofauti ya mdundo mmoja tu kwa dakika inatosha: ndani ya nusu dakika mmepishana nusu mdundo. Kwaya ndiyo balaa zaidi, na nyimbo za ngoma za upande wa Burundi zinazopendwa Kabanga, programu inazihesabu inavyotaka yenyewe. Mjomba aliona mistari ya rangi kwenye skrini imekaa sawasawa kabisa huku masikio yanasema hapana. Akaninyooshea kidole skrini: "Huyu anaongopa huku anakutazama usoni."

Tulibishana usiku ule, kwa heshima lakini tulibishana. Yeye anasema mtu asiyejua kusikiliza akipewa hiki kitu hatajifunza kamwe. Mimi nikamwambia habari za vijana wa singeli wa Dar, akina Sisso, ambao studio yao ilitoa ile albamu ya Sounds of Sisso kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Wale wanapiga na laptopu tupu na Virtual DJ, wanabonyeza herufi za kibodi, hakuna sahani hata ya kudanganyia, kwa kasi ya midundo 200 na zaidi, na Ulaya wameitwa. Huwezi kusema hawana masikio. Akajibu kwamba wale wamejenga kitu chao. "Wa Nyakanazi wamejenga nini? Wamejenga bei ya chini." Hapo nilikosa jibu, na mpaka sasa sina.

Jumamosi tukaenda Ngara. Tulifunga vyote, deki ya CD mkono wa kushoto na kontrola kulia, zote kwenye miksa ya mjomba. Kabla ya kwenda nilikuwa nimezima wi-fi, nimezuia laptopu isijisasishe, na fleshi za wageni nilikataa kabisa kuzichomeka maana vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati bado vipo mitaani. Maharusi kuingia, keki, zawadi, yote mimi kwa laptopu, MC akitaja wimbo tu umeshapatikana. Ilipofika saa ya wazee kucheza, mjomba akanisogeza kwa bega bila kusema, akaweka CD. Akapiga rumba dakika arobaini, mkono kwenye kitelezi, anafuata wimbo unapokimbia. Sikusikia michi ikigongana hata mara moja. Mzee mmoja alikuja kumpa elfu kumi mkononi.

Kontrola nimemwachia. Mimi hapa nimebaki na laptopu, na yeye atanunua yake akivuna mihogo, ndivyo alivyosema. Ila kaweka sharti: folda za nyimbo azipange yeye, na haziitwi amapiano wala rumba. Jana nimepokea orodha yake kwa simu niziandae kwenye fleshi. Kuna "Mama wa bwana analia". Kuna "Wazee wamekaa". Kuna "Chakula kimechelewa", hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Na kuna "Umeme umerudi", ina nyimbo nne tu na hataki niongeze hata moja.