Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Kwa miezi miwili kompyuta yangu ilikuwa inalala vizuri, shida ni kuamka. Nabonyeza kibodi, feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Mwishowe naizima kwa nguvu na kuiwasha upya. Kila kitu nilichokuwa nimefungua kimeenda.

Si ungeiacha tu ikiwaka? Hii ni desktop ya mtumba, inakula tokeni, na hapa Bulla Pesa tokeni zinanunuliwa na Mama, kwa pesa ya maziwa ya ngamia. Nikiizima kabisa, kesho naanza kutafuta faili na kurasa zote upya. Kuilaza ndio ilikuwa katikati: ikilala inatumia wati chache tu.

Basi nikaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza nilishuku kibodi na mausi, nikabadilisha matundu ya USB. Wapi. Nikafungua kumbukumbu ambazo Linux hujiandikia. Kila mara mstari wa mwisho ulikuwa uleule: mashine inaingia usingizini. Mstari wa kusema imetoka haukuwepo. Usiku wa tatu nikabadilisha draiva ya kadi ya picha, nikailaza, nikaiamsha. Skrini ikawaka. Nilipiga kelele mpaka Mama akauliza nani amekufa.

Wiki hiyohiyo stima ikapotea usiku. Asubuhi makala niliyofaa kutuma saa nne haikuwepo.

Hapo ndipo nilielewa. Usingizi wa kawaida haunakili yaliyo kwenye RAM hadi kwenye diski. Kazi yako inabaki kwenye RAM, na RAM hushikilia vitu ikiwa tu inapata umeme. Laptop ina betri ya kuilinda, desktop haina. Kuna usingizi mwingine, wa kina: mashine inanakili yaliyo kwenye RAM hadi kwenye diski, halafu inajizima kabisa. Hata stima ipotee wiki nzima, ukiiwasha unapata kazi ulipoiacha. Nikatenga gigabaiti 8 za diski kwa kazi hiyo, mara mbili ya RAM yangu.

Nilimweleza Mama haya alfajiri, nikimsaidia kubeba mitungi ya kwenda kwa basi la Nairobi. Maziwa yake huuzwa Eastleigh. Akasema hilo analijua, friza ikikosa stima maziwa hayangoji mtu. Halafu akauliza bila kuniangalia, "Na shule?"

Mwaka wa pili niliahirisha masomo kwa sababu ya karo. Nilimwambia nimesimama kidogo tu, na kila Januari nikarudia hivyo. Nilichomficha ni kwamba chuo kilishaondoa jina langu, barua pepe ilikuja mwaka jana. Na yeye kila mwezi alikuwa bado anaweka elfu mbili kwenye bahasha, za siku nitakayorudi.

"Mama, shule ilishaisha. Waliniondoa mwaka jana."

Akakaza kifuniko cha mtungi, kisha cha pili. Nilingoja anigombeze.

"Mwaka mzima unaniangalia nikiweka pesa?"

"Nilikuwa naogopa."

Kondakta alipiga honi. Tukapakia mitungi, Mama akahesabu mara mbili kama kawaida yake, basi likaondoka. Tulikuwa tumefika karibu na nyumbani ndipo akaongea.

"Stima ikipotea, umewahi kuniona nikimwaga maziwa?"

Sijawahi. Yakichacha anayafanya susa, na susa ina wateja wake.

"Basi hiyo yako imechacha kitambo. Wacha kuificha kwa friza. Uza."

Mwezi huo hakuweka ile elfu mbili. Alinunua mtungi mpya, akaniachia mia tatu mezani, kando ya kibodi. Za tokeni.