Jukwaa la ziwani lilivyofichua siri ya dada

Msomaji mpenzi, je, una ndugu aliye ng'ambo? Akikutumia pesa, huwa unamuuliza anazipataje?

Mimi sikuuliza. Dada yangu mkubwa alinilipia karo ya chuo cha uanahabari hadi nikapata diploma. Nyumbani tulijua ni karani huko Vienna, basi.

Julai 2018 nilimtembelea. Jioni moja akanipeleka Mörbisch, kijiji cha Austria kando ya ziwa Neusiedl, karibu na mpaka wa Hungaria. Huko, mwaka 1957, mwimbaji Herbert Alsen alianzisha tamasha la kiangazi ili opereta, michezo ya nyimbo na vichekesho iliyoipa Vienna sifa, ichezwe nje.

Jukwaa limejengwa majini. Ndiyo, majini! Watazamaji huketi bila paa, mvua ikinyesha shauri yao. Mchezo hungoja jioni, maana taa haziwezi kushindana na jua. Waimbaji huvaa vipaza sauti vidogo, la sivyo upepo wa ziwa ungemeza maneno yao. Na mbu je? Nilidhani nimewaacha Kisumu!

Usiku huo ilichezwa Gräfin Mariza ya Emmerich Kálmán, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1924. Tassilo, kabaila aliyefilisika, anabadili jina na kuwa msimamizi wa shamba la Mariza, mwanamke tajiri, ili apate mali ya kumwozea dada yake, Lisa. Mara Lisa anafika pale kama mgeni na kumkuta kaka yake kazini!

Watu walicheka. Kugeuka, nikamwona dada akifuta machozi.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "mimi sikuwahi kuwa karani. Nilikuwa nikipiga deki hotelini, usiku kucha. Karo yako ilitoka kwenye ndoo ile."

Nilipigwa na bumbuwazi. Nilikumbuka barua nilizomwandikia nikilalamika kuwa pesa zimechelewa. Tassilo akampata Mariza wake, fataki zikalipuka juu ya ziwa, watu wakashangilia. Mimi nilimshika dada mkono tu. Ulikuwa mgumu kama wa mkulima.

Msomaji, leo ni Jumapili. Mpigie simu ndugu yako huyo. Usimuulize atatuma lini. Muulize ameshindaje, na kama amekula.