Geji ya mjomba

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya siasa. Siasa zitasubiri. Nimejifunza jambo chini ya pikapu kuukuu huku Ohio, na nadhani linamhusu kila anayeishi kwa kuamini namba.

Pikapu yenyewe ni Ford F-100 ya mwaka 1971, mali ya mjomba wangu. Mjomba ni mtu wa Tanga, Marekani ameishi miaka mingi, umri wake ni 70 na ushee. Kwenye Ford za enzi hiyo tenki la mafuta liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Yaani wewe umekaa, na petroli iko mgongoni kwako! Harufu haiishi, na ikitokea ajali usiniulize. Ndiyo maana wenye magari haya wengi hulihamishia tenki nyuma, chini ya bodi, katikati ya chasisi. Mjomba naye alitaka hivyo. Gereji moja ikamfungia tenki la plastiki kutoka kwenye pikapu ya Ford ya miaka ya 1990, pamoja na floti yake.

Hapo vituko vikaanza. Mjomba akawa anasema: "Nikijaza mafuta mshale unashuka. Nikiendesha, unapanda." Januari gari likamzimikia kwenye barabara kuu, baridi kali, mshale uko karibu na F. Tenki kavu.

Binamu zangu walipokwenda kumchukua, wakatazamana. Jioni maneno yakaanza. Eti mzee anasahau. Eti asiendeshe tena, gari liuzwe. Mmoja akataja daktari. Mjomba alinyamaza tu, ananyang'anywa funguo kwa sababu ya maneno ambayo, kumbe, yalikuwa kweli tupu.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikamwomba anieleze upya, taratibu. Kisha tukaingia chini ya gari na multimita.

Sikiliza sasa. Geji ya dashibodi haioni mafuta. Inachosoma ni ukinzani wa umeme unaotoka kwenye floti ndani ya tenki. Boya likipanda au kushuka na mafuta, mkono wake unabadilisha ukinzani huo, nao hupimwa kwa omu. Pikapu za Ford za zamani, mpaka 1986, zinatumia takriban omu 73 tenki likiwa tupu na omu 10 likijaa. Kuanzia 1987 Ford waligeuza mambo: omu 16 tupu, omu 158 limejaa.

Umeona? Tenki la mjomba likikauka, floti inatuma omu 16. Geji ya 1971 inasikia 16 na kusema, "Tumejaa!" Likijaa, inapokea 158, mshale unalala chini ya E. Mafuta yanavyopungua ndivyo mshale unavyopanda. Mzee alisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Hakuna kifaa kilichoharibika. Floti nzima, geji nzima, ila hazisemi lugha moja. Na usidhani ni Ford peke yake. General Motors, tangu katikati ya miaka ya 1960, walitumia omu 0 tupu na 90 limejaa. Geji nyingi za kununua dukani zinataka 240 tupu na 33 limejaa. Ukichanganya bila kupima, umejitafutia safari ya miguu.

Dawa ni moja: floti ifuate geji, au geji ifuate floti. Mjomba hakutaka kugusa dashibodi yake, kwa hiyo tulitafuta floti ya omu 73 hadi 10 yenye mkono unaorekebishika. Tenki la zamani lilikuwa refu na jembamba, hili ni fupi na pana, kwa hiyo mkono lazima upimwe kwa kina cha tenki hili, boya lisigonge juu wala chini. Na kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, floti tuliivutia waya wake wa negativu mpaka kwenye chasisi.

Ukijaribu mwenyewe, fanya nje penye hewa, toa waya wa betri kwanza, sigara mbali. Wala usiipe geji hiyo volti 12 moja kwa moja. Ford hizo zina kifaa kinachoipa wastani wa volti 5, ukiizidishia utaiunguza.

Tulipojaza galoni tano, mshale ukapanda kidogo. Tukaongeza, ukapanda tena. Mjomba hakusema kitu, alimwita tu mwanawe mkubwa aje atazame. Yule bwana alitazama muda mrefu, halafu akasema, "Baba, nisamehe." Habari za kuuza gari hazijatajwa tena.

Ndugu msomaji, sisemi wazee hawasahau. Wanasahau, na wengine wanahitaji daktari kweli. Ninachosema ni kwamba wote waliouona ule mshale waliuamini kuliko walivyomwamini baba yao, na hakuna aliyeuliza mshale unapimwa kwa kipimo gani. Nasi wa habari tunaandika asilimia na mabilioni kila siku. Namba bila kipimo chake inaweza kukuambia umejaa wakati umekauka.

Ukimsikia mtu mzima anasema jambo lisiloingia akilini, anza kwa kupima kifaa. Mtu mpime baadaye.