Wazee Wanaohama na Ndege

Katika sehemu za kaskazini ya Amerika, mwezi wa Oktoba ukifika, mabata bukini huonekana angani makundi kwa makundi, wakipiga kelele na kuelekea kusini. Majuma machache baadaye watu nao huwafuata. Wazee waliokwisha kustaafu hufunga madirisha ya nyumba zao, huwakabidhi majirani funguo, hujaza motokaa mafuta, kisha hushika njia. Hawataonekana tena mpaka Aprili. Wenyeji wa huko wamewapa jina la "ndege wa theluji," na wengi wao hulipokea jina hilo kwa furaha.

Mtu aliyezaliwa Nyeri au Kisumu huenda akadhani kwamba hii ni anasa tu ya watu wenye fedha. Walakini yafaa kwanza aifahamu baridi yenyewe. Katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, mchana wa mwezi wa Januari kwa kawaida huwa digrii 11 chini ya kiwango cha maji kuganda, na usiku huweza kushuka hata digrii 30 chini ya kiwango hicho. Njia za miguu hufunikwa na barafu iliyo laini kama kioo. Mzee akiteleza na kuvunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama alivyokuwa. Theluji iliyoanguka usiku lazima iondolewe mlangoni kwa koleo, na kila mwaka wako wanaume ambao moyo huwashinda katika kazi hiyo. Asiyetaka hatari hizi hukaa ndani ya nyumba miezi minne au mitano, akitazama nje dirishani. Basi si ajabu kwamba mkulima wa ngano aliyekwisha kuwaachia wanawe shamba huanza kuuliza ni wapi atakapoipisha baridi.

Kuuliza ni rahisi, kuchagua ndiko kugumu. Mahali pa kwanza panapotajwa na kila mtu ni Florida, na sifa hiyo ni ya zamani. Thomas Edison, yule aliyesifika kwa taa ya umeme, alinunua kiwanja Fort Myers mwaka 1885 akajenga nyumba ya majira ya baridi, na mwaka 1916 Henry Ford, mwenye kiwanda cha motokaa, akanunua nyumba ya jirani yake. Upande wa mashariki, reli ya tajiri Henry Flagler ilifika Miami mwaka 1896. Inasemekana kwamba bibi mmoja mwenye ardhi huko, Julia Tuttle, alimshawishi kwa kumpelekea maua ya mchungwa baada ya jalidi kali ya 1894 na 1895 kuangamiza michungwa mingi ya Florida, ili kumwonyesha kwamba jalidi ile haikufika Miami. Kama hadithi ya maua ni ya kweli au imetiwa chumvi, mkulima yeyote ataielewa hoja yake.

Na hoja hiyo ingali na maana kwa mwenye kuchagua leo, kwa kuwa Florida ni ndefu. Wako wanaoona jina la Florida wakadhani ni joto kote, wakapanga nyumba sehemu za kaskazini karibu na mpaka wa Georgia, kisha wakashangaa kuamka Januari na kukuta jalidi juu ya majani. Anayetaka joto la hakika, mchana wa digrii 24 na bahari ya kuogelea, hana budi kwenda mpaka kusini, na kusini ndiko kodi za nyumba zilikopanda. Watu wa Michigan na Ohio hufuata barabara kuu namba 75, nayo huwafikisha pwani ya magharibi. Watu wa New York hufuata namba 95, nayo huwafikisha pwani ya mashariki. Hivyo kila pwani imepata watu wake kwa sababu ya njia tu. Katika mji wa Hollywood ulio Florida, ambao si ule wa sinema, Kifaransa husikika madukani kwa sababu ya wageni kutoka Quebec. Aliyechoka kuendesha aweza kupanda gari la moshi huko Lorton, Virginia, motokaa yake ikiwa imepakiwa nyuma, na kesho yake akashuka Sanford, Florida.

Kasoro ya Florida ni tufani. Msimu wake rasmi huanza Juni na kwisha Novemba 30, kwa hiyo mgeni wa Januari haioni. Nyumba yake, hata hivyo, huiona. Tarehe 28 Septemba, 1922 haikuwa, bali 2022, wakati wengi wa wenye nyumba walipokuwa bado kwao kaskazini, tufani iliyoitwa Ian ilipiga pwani ya Fort Myers, na bahari ikaingia majumbani. Tangu hapo bima ya nyumba imekuwa mzigo mzito, na wenye busara wengi wameona heri kupanga kuliko kununua.

Texas yaweza kusemwa kwa maneno machache. Kusini kabisa, katika bonde la mto Rio Grande, iko miji ya McAllen, Mission na Harlingen. Huko wageni huitwa kwa heshima "Watexas wa majira ya baridi." Maisha ni rahisi kuliko Florida, watu wa mashambani hujisikia wako kwao, na mabalungi mekundu huchumwa karibu na mlango. Lakini Februari 2021 baridi ya kaskazini ilishuka mpaka bondeni humo, umeme ukakatika katika sehemu kubwa ya Texas, na mabalungi yakaharibika mitini. Waliokuwa wameikimbia baridi wakaketi gizani wakiwa wamejifunika mablanketi.

Sasa tuje Arizona, ambako mambo ni mengine kabisa. Hapa hakuna bahari. Ni jangwa la mawe na mipungate mirefu kupita nyumba, na hewa yake ni kavu, jambo ambalo wengi wenye maumivu ya viungo hulipenda. Mji wa Yuma, ulio kwenye mto Colorado, ni miongoni mwa miji inayopata jua jingi kuliko yote duniani. Mvua ya mwaka mzima haifiki sentimita 10, na mchana wa Januari huwa kama digrii 20. Tena mkulima akifika huko hachoki kutazama. Maji ya mto yameongozwa kwa mifereji, na jangwa limegeuka mashamba ya saladi na kabichi yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Marekani wakati wa baridi hutoka katika mashamba hayo na ya jirani zake. Alfajiri, mzee wa Kanada anapotoka kutembea kwa afya yake, huwakuta wavunaji waliovuka mpaka usiku kutoka Meksiko wamekwisha kuinama shambani. Wote wawili wamekuja Yuma kwa sababu ya jua lile lile.

Mwendo wa saa moja na zaidi kaskazini ya Yuma kipo kijiji cha Quartzsite. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi kiasi cha 2,400 tu. Januari ikifika, jangwa lote la pembeni hufunikwa na nyumba za magurudumu, maelfu kwa maelfu, na masoko ya vito na mawe ya kila rangi hufunguliwa. Ardhi hiyo ni ya serikali kuu, nayo imetenga mahali panapoitwa La Posa, ambapo mtu hupewa kibali cha kukaa tangu Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi ada ya miezi hiyo saba ilikuwa dola 180. Kwa bei hiyo mtu hapati nyaya za umeme wala bomba mlangoni. Umeme hupatikana kwa vioo vya jua vilivyowekwa juu ya paa, maji hutekwa kwa mitungi, na maji machafu lazima yapelekwe mahali palipoamriwa. Mabibi na mabwana waliokuwa walimu na mafundi wenye nyumba za vyumba vinne huishi hapo kama wafugaji, wakizunguka moto jioni, kila mmoja akijua mwenzake ana maji kiasi gani. Yaonekana wengi wanapenda jambo hilo kuliko hata jua lenyewe.

Katika makaburi ya Quartzsite liko kaburi moja ambalo msomaji wa pwani angependa kuliona. Ni piramidi ndogo ya mawe, na juu yake pana sanamu ya ngamia iliyotengenezwa kwa shaba. Hapo amelala Haji Ali, mtu wa dola ya Waturuki, aliyefika Amerika mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani ili kubeba mizigo jangwani. Waamerika hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Jeshi liliwaacha ngamia baada ya miaka michache, yeye akabaki, akafa mwaka 1902. Serikali ya Arizona ilimjengea piramidi hiyo mwaka 1935. Wazee wanaokuja na nyumba zao za magurudumu hupigwa picha mbele yake, na bila shaka wachache hufikiri kwamba yeye ndiye aliyewatangulia katika jangwa hilo kutoka mbali.

Arizona nayo ina kasoro. Vumbi lake, hasa karibu na Phoenix na Tucson, huwa na ukungu unaoleta homa ya mapafu, na mzee mwenye kifua kibovu yampasa amwulize daktari kabla hajafunga mizigo. Na asidhani kwamba ataweza kukaa mwaka mzima. Mwaka 2023 Phoenix ilikuwa na siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika digrii 43 au zaidi.

Jambo linalowavuta wengi Yuma ni mji mdogo wa Los Algodones, ng'ambo ya mpaka, nchini Meksiko. Wakazi wake ni elfu chache, lakini madaktari wa meno ni mamia. Mzee huacha motokaa upande wa Marekani, katika uwanja unaoendeshwa na kabila la Quechan, huvuka kwa miguu, na hupata meno, miwani na dawa kwa bei iliyo chini sana kuliko ya kwao. Wakati wa kurudi hupanga foleni juani, pengine kwa saa mbili au tatu, akiwa ameshika shavu.

Matibabu ndiyo yanayoamua mambo, ingawa wengi huanza kwa kutafuta jua na huyakumbuka matibabu mwisho. Mmarekani mzee ana bima ya serikali inayomfuata katika jimbo lolote. Mkanada hana. Serikali ya jimbo la Ontario, kwa mfano, hulipa si zaidi ya dola 400 za Kanada kwa siku moja ya hospitali ya nchi za nje, na hospitali za Marekani hudai maelfu. Kwa hiyo hana budi kununua bima ya safari, na katika karatasi za bima hizo limo sharti moja linaloumiza watu: ugonjwa ulio nao uwe umetulia kwa muda uliotajwa, pengine siku 90, pengine 180, kabla ya kuondoka. Daktari akibadili kipimo cha dawa ya moyo mwezi wa Septemba, na mzee akaondoka Novemba bila kuwaarifu wenye bima, huenda akaamka hospitalini na kukuta deni lake kubwa kuliko thamani ya shamba. Karani mzuri angemsomea karatasi hiyo mara mbili.

Siku nazo huhesabiwa. Mkanada haruhusiwi kukaa Marekani kama mgeni zaidi ya nusu mwaka kwa kawaida, na akikaa nje ya Ontario kupita siku 212 katika miezi 12 aweza kupoteza matibabu ya kwao. Tangu Aprili 2025 serikali ya Marekani imewataka wageni wanaokaa siku 30 au zaidi waandikishwe. Mwaka huo huo ugomvi wa ushuru kati ya nchi hizo mbili uliwaudhi Wakanada wengi, na safari zao za kusini zikapungua sana. Wengine wakatazama Meksiko, hasa vijiji vya ziwa Chapala, vilivyo juu kama mita 1,500, ambako hali ya hewa ni ya upole mwaka mzima. Mtu wa Machakos angejiona yuko nyumbani.

Hata nyumba iliyoachwa kaskazini yataka mlinzi. Maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka na kulipasua, na moto wa nyumba ukizimika Januari, mwenyewe aweza kurudi akute sakafu imekuwa ziwa. Wenye bima wengi hutaka mtu aingie kila baada ya siku chache na kuangalia. Mara nyingi kazi hii humwangukia mtoto anayekaa karibu, naye huifanya baada ya kazi, gizani, akiwa amevaa makoti mawili, huku baba yake akimpigia simu kutoka kwenye jua kumwuliza habari za theluji.

Msomaji wa Kenya huenda akauliza, wajukuu je? Swali hilo huulizwa huko pia. Wako bibi waliokwisha kujenga kila kitu Arizona, wakazaliwa mapacha huko Regina, na mwaka uliofuata nyumba ya magurudumu haikutoka uani. Mume akasema yeye atakwenda peke yake kwa mwezi mmoja, akarudi baada ya majuma mawili.

Katikati ya Machi joto la jangwani huanza kupanda, na wauza vito wa Quartzsite hufunga hema zao. Kufikia Aprili 15 La Posa imebaki changarawe tupu. Baadhi ya nyumba za magurudumu hazirudi kaskazini. Husimama kando ya barabara zikiwa na karatasi dirishani yenye bei na namba ya simu, kwa sababu macho ya dereva hayaoni tena vizuri usiku, au kwa sababu waliokuja wawili mwezi wa Novemba wamebaki mmoja.