Kalole: Safari ya Kwenda Kuona

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila nilipofika kwenye mada ya majina ya mahali niliandika ubaoni neno moja: Bagamoyo. Nikaligawa mara mbili, bwaga na moyo, kisha nikaeleza kwamba wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu walipoiona bahari waliitua mizigo na mioyo ikatulia. Wapo wasemao kwamba aliyebwaga moyo ni mtumwa, aliyejua kwamba akishavuka maji hatarudi tena. Mimi nilifundisha tafsiri ya kwanza kana kwamba haina mshindani, tukasonga mbele.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha: “Mji wa kihistoria ninaoujua.” Nilitarajia Ngome Kongwe, boma la Wajerumani, na mnara wa kanisa la misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874 baada ya kubebwa kutoka bara na Chuma, Susi na wenzao. Kijana mmoja, mzaliwa wa upande ule, hakuandika hata kimoja kati ya hivyo. Aliandika jinsi alivyofuatana na bibi yake hadi Kaole, bibi akiwa amefunga ubani kwenye pindo la kanga, kwenda kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa. Nilipiga mstari mwekundu ukurasa mzima, nikaandika “Nje ya mada,” nikampa alama nne kwa ishirini. Alipokea daftari lake bila kusema neno. Muhula uliofuata aliandika habari za Ngome na Livingstone, nami nikampa kumi na tano. Ile kumi na tano ndiyo inayonisumbua zaidi.

Ninaishi Mbezi Beach. Barabara ya Bagamoyo ipo jirani na kwangu, na kwa miaka mingi nimeyasikia mabasi yakielekea huko. Kwenda kwangu Bagamoyo kulikuwa kwa kuongoza ziara za wanafunzi: tukishuka, tukizunguka misheni na boma, tukila, tukirudi. Majuzi nilipanda basi peke yangu. Tulipita Tegeta, Boko, Bunju na Mapinga, na nilipofika mjini kijana wa bodaboda akaniuliza, “Mzee, nikupeleke Ngome?” Nikamjibu, “Hapana, mwanangu. Leo nipeleke Kaole.”

Kaole iko kilomita chache kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti miwili, mkongwe wao ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Baadhi yana nguzo ndefu zenye vidaka, mahali palipopachikwa bakuli za Kichina. Bakuli zenyewe zimeng’olewa, vidaka vimebaki kama macho yaliyo wazi. Pwani yake imejaa tope na mikoko. Jahazi zilipokosa pa kutia nanga, biashara ilihamia Bagamoyo, na mji mama ukabaki pembeni ya mwanawe.

Waelezaji wa pale husema jina Kaole limetokana na neno la Kizaramo, kalole, yaani kaangalie. Hapo nilisimama kidogo, maana somo lilikuwa langu mwenyewe. Kiambishi ka- katika “kaone,” “kalete,” “kaangalie” humtaka mtu aondoke alipo ndipo atende. Huwezi kuitii amri ya “kaone” ukiwa umeketi kitini. Nilikifundisha kiambishi hicho kwa mifano mingi, mimi mwenyewe nikiwa nimeketi.

Nililikuta kaburi la Sharifa. Palikuwa na chetezo cha udongo na majivu mabichi, na mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza amalize dua. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniuliza kwa upole, “Baba, umekuja na ubani?” Sikuja nao. Nilikuwa na kalamu na daftari tu. Akanigawia kipande kidogo cha wake, nikakitia motoni. Sijui niliomba nini, najua niliyemkumbuka.

Nikirudi mjini nilipita taratibu mahali ambapo ziara zetu hazikusimama. Nililitazama jengo la ghorofa linalohusishwa na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897. Wakazi wa Dar es Salaam hulitaja jina lake kila siku pasipo kumjua, wanaposema mgonjwa wao amelazwa “Sewahaji” pale Muhimbili. Nikamkumbuka pia Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, akasoma, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria. Mtu aliyefikishwa Bagamoyo ili abwage moyo, akauokota na kuwatia moyo wengine! Darasani sikuwahi kumtaja. Nilimtaja Livingstone, ambaye mjini humo alifika akiwa maiti.

Siku ya tatu baada ya safari hiyo nilikwenda Kunduchi, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Huko nako, chini ya mibuyu, kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo zilizopambwa kwa bakuli za Kichina. Nimenunua samaki Kunduchi miaka nenda rudi, wala sikuwahi kukata kona kwenda kuyaona. Safari hii nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la sita. Aliniuliza ni nani waliozikwa pale, nikamwambia tuwaulize kwanza wenyeji, kisha akiandika aandike alichokisikia.

Ewe kijana wa kidato cha pili, sasa u mtu mzima, na huenda una watoto wanaoandika insha zao. Ikiwa maneno haya yatakufikia, pokea ubeti huu kwa mwalimu wako:

Ulinambia zamani, nami nikapuuzia,
Nimekwenda uzeeni, ndipo nikashuhudia,
Ubani u kaburini, nguzo nayo yasalia,
Alama nilokuhini, leo nakurudishia.