Taa Chini ya Maji: Maisha ya Kazi ya Fundi wa Vyombo vya Uvuvi wa Usiku

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria na mwambao wa Bahari ya Hindi hutegemea giza na taa kwa pamoja, kwa kuwa viumbe wadogo wanaoelea majini, ambao wataalamu huwaita planktoni, hukusanyika penye mwanga, dagaa huwafuata ili kuwala, nao migebuka wa Tanganyika au vibua wa baharini huwafuata dagaa. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi, mwanga unapotapakaa kotekote na taa ya mvuvi kukosa nguvu ya kuvuta, vyombo vingi hupumzishwa ufukweni. Fundi ambaye maisha yake ya kazi yanasimuliwa humu, na ambaye ndiye mwandishi wa maelezo haya, aliingia katika ufundi huo wakati taa hiyo ilikuwa bado ni karabai, yaani taa inayopigwa pampu ili mafuta ya taa yageuke mvuke na kuwaka ndani ya kifuko chembamba cha kitambaa. Na kazi yake ya kwanza, katika mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma, ilikuwa kuzibua sindano za karabai, kubadilisha ngozi za pampu na kuweka vioo vipya mahali pa vile vilivyopasuliwa na matone ya maji baridi.

Karabai ilikuwa taa nzuri kwa mvuvi mwenye fedha, lakini ilimla mvuvi maskini, kwa sababu gharama ya mafuta iliondolewa kabla ya mapato kugawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye chombo, na mabaharia wake, hivyo usiku usio na samaki uliwaacha mabaharia na deni la mafuta yaliyokwisha kuungua. Fundi huyu aliliona deni hilo katika nyumba za ndugu zake mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu iliyomfanya aache ufundi wa karabai na kujifunza umeme mara tu taa za LED zilipoanza kufika mialoni. LED ni kipande kidogo cha kitu nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa masharti, ambacho hutoa mwanga moja kwa moja umeme unapopita ndani yake bila kuhitaji kitu chochote kuungua. LED nyekundu na za kijani zilikuwapo kwa miaka mingi, lakini mwanga mweupe haukupatikana mpaka ilipotengenezwa LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Buluu ilihitajika kwa kuwa taa nyeupe ya LED inayouzwa madukani kwa kawaida ni taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya mwanga huo.

Jambo ambalo miaka ya kazi ilimthibitishia, na ambalo wauzaji wengi hawalisemi, ni kwamba taa ya kuzamishwa huchaguliwa kwa kuyatazama maji kwanza, kisha waya, na nguvu iliyoandikwa kwenye boksi hufuata mwisho. Maji hunyonya rangi za mwanga kwa viwango tofauti: nyekundu hupotea katika mita chache za juu, ilhali katika maji maangavu buluu husafiri mbali kuliko rangi nyingine zote. Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia takribani mita 1,470, lina maji maangavu kiasi kwamba diski nyeupe inayoteremshwa kwa kamba ili kupima uangavu huonekana mara nyingi hadi zaidi ya mita 10, na humo taa yenye buluu nyingi, karibu na nanomita 470 za urefu wa mawimbi ya mwanga, hushuka vizuri. Fundi huyu alipohamia Mwanza alikuta maji ya namna nyingine kabisa, kwani Ghuba ya Mwanza imejaa mwani, diski ileile hupotea machoni karibu na uso wa maji, na mwani huo hunyonya buluu kabla haijafika mbali. Kwa hiyo rangi iliyofaa pale ilikuwa kijani, kati ya nanomita 520 na 550. Baadaye, alipofanya kazi Unguja, alijifunza kwamba hata bahari moja haina jibu moja, kwa sababu maji ya mkondo wa bahari yaliyo mbali na pwani huruhusu buluu, lakini karibu na delta ya Rufiji wakati wa masika, tope na majani yaliyooza huyatia maji rangi, na kijani hurudi kuwa bora. Mvuvi aliyenunua taa Kigoma na kuipeleka Mwanza hapaswi kuilaumu taa.

Swali la kama taa iwe juu ya maji au chini yake lina jibu katika fizikia. Mwanga unaoshuka wima juu ya maji matulivu hupoteza takribani asilimia 2 tu kwa kuakisiwa, yaani kurudishwa hewani, lakini ule unaofika umelala sana, nyuzi 80 kutoka wima, hupoteza takribani theluthi moja, na mawimbi huyavuruga mahesabu hayo kila dakika. Zaidi ya hayo, taa iliyotundikwa juu hutupa kivuli cha chombo majini, na hupiga macho ya mabaharia wanaotakiwa kuona kamba gizani. Taa iliyozamishwa huepuka hasara hizo zote, nayo hupozwa na maji yenyewe, jambo ambalo ni faida na hatari kwa pamoja: LED haitoi joto kwa mbele kama moto, bali hulikusanya nyuma ya kipande chake, na taa iliyotengenezwa ipozwe na maji huweza kuharibika ikiwashwa nchi kavu ili mnunuzi aione inavyong'aa. Fundi huyu aliwasihi wateja wake waijaribu ndani ya ndoo ya maji, na anaendelea kuwasihi.

Katika kuchagua, wati hueleza umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka, ambao hupimwa kwa lumeni. Alama ya IP67 humaanisha kifaa kimejaribiwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 tu, kwa hiyo taa ya kukaa majini usiku kucha yapasa kuwa na IP68, ambayo ni ya kuzamishwa mfululizo katika kina anachokitaja mtengenezaji. Kwa bahari, ganda la shaba nyeusi au chuma cha pua cha daraja la 316 hustahimili chumvi, ilhali aluminiamu isiyokingwa huliwa haraka ikigusana na shaba ndani ya maji ya chumvi, kwani metali hizo mbili hugeuka kuwa betri ndogo inayojila yenyewe.

Kuhusu waya, hapana sehemu ya kazi hii iliyodharauliwa zaidi, na hapana iliyowapotezea wavuvi fedha nyingi kama hiyo. Taa zenye jumla ya wati 96 zikiunganishwa na betri ya volti 12 huhitaji mkondo wa ampea 8. Ikiwa betri iko mita 10 kutoka kwenye taa, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi, na waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 utapoteza karibu volti 1.9 njiani, ilhali ule wa milimita mraba 6 utapoteza chini kidogo ya nusu volti. Taa isiyo na saketi ya kudhibiti mkondo hufifia mara moja kwa upungufu huo, na ile yenye saketi huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia, hivyo waya hupata moto na betri huisha kabla ya alfajiri. Tatizo huzidi pale madukani panapouzwa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kana kwamba ni shaba tupu, na dawa yake ni kuukwangua kwa kisu na kutazama weupe wa ndani. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, si karibu na taa, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote usiwashe chombo moto.

Ufungaji wenyewe fundi huyu aliujua vyema Unguja, alipofanya kazi pamoja na waunda mashua waliomfundisha kuiheshimu mbao. Taa ya kupenya, yaani inayopitishwa ndani ya ubavu wa chombo, hutaka tundu kubwa, nayo inafaa zaidi boti za faiba. Katika mashua ya mbao ni afadhali taa ya kubandikwa, ambayo hutaka tundu dogo la waya peke yake, linalotobolewa mbali na mataruma na mbali na maungio ya mbao yaliyotiwa kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kuzuia maji. Mbao iliyotobolewa hupakwa gundi ya poliuritheni ndani ya tundu lote, si ukingoni tu, kwa sababu maji yakiingia kwenye nyuzi za mbao huozesha kutoka ndani pasipoonekana. Mahali pazuri ni nyuma au ubavuni, takribani sentimita 20 hadi 30 chini ya usawa wa maji chombo kikiwa kimepakia, na mbali na rafadha, ambayo viputo vyake huvunja mwanga.

Taa za chini ya maji hazichukui nafasi ya taa za usalama. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana kwa vyombo baharini za mwaka 1972 hutaka chombo kinachovua kwa nyavu zisizo za kukokotwa kionyeshe taa nyekundu juu ya nyeupe, na hukataza taa nyingine inayoweza kudhaniwa kuwa mojawapo ya hizo.

Katika miaka ya karibuni, vyombo vimekuwa vikishindana kwa mwangaza, kila tajiri akitaka kumzidi jirani yake, na mashindano hayo hayaongezi samaki ziwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na mwandishi, ambaye ameishi kwa kazi ya kuwavuta samaki hao kwa mwanga, anaunga mkono hatua hiyo bila kusita. Kwa anayenunua taa sasa, ombi lake ni kwamba aanze na taa ndogo ya rangi inayolingana na maji yake, atumie waya mnene, kisha apime volti kwenye ncha ya waya taa ikiwa inawaka ndani ya maji, kabla hajamlipa fundi.